Maikrokontrola: kompyuta yenye miguu minane

Kwenye meza yangu hapa Ngamiani, Tanga, kuna chipu mbili nyeusi ambazo ukizilaza pamoja huzitofautishi mpaka uinamie maandishi ya mgongoni. Zote zina miguu minane, minne huku na minne kule, na zote zinakaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Moja ni 555, chipu ya kupima muda ambayo kila aliyewahi kugusa lehemu anaijua: aliibuni Hans Camenzind mwaka 1971, na hadi leo inawasha na kuzima taa za tahadhari na kupiga vingora vya kuchezea. Ya pili ni ATtiny85. Kijana anayekuja kujifunza kwangu jioni aliziangalia akauliza, "Mjomba, si zote IC tu hizi?" Ni IC zote, yaani saketi nzima ndani ya chipu moja, hajakosea. Ila ya pili ni kompyuta kamili, na jina la kompyuta ya namna hiyo ni maikrokontrola.

Maana yake ni hii: chipu moja iliyobeba ndani yake kila kitu ambacho kompyuta inakihitaji. Kuna prosesa ya kufanya hesabu, kumbukumbu inayotunza programu hata umeme ukikatika, kumbukumbu nyingine ya kuwekea hesabu za papo kwa papo, saa ya kuipa mwendo, na miguu ya kuhisi na kuamuru vitu vya nje. Prosesa ya kompyuta ya mezani haijitoshelezi hivyo. Bila kumbukumbu na chipu za kuizunguka haifanyi lolote. Maikrokontrola kama ATtiny85 ukiipa volti 5 inaanza kazi hapohapo, na kazi yake ni ileile moja, usiku na mchana, hadi uiondolee umeme.

Wazo si geni. Texas Instruments ya Marekani ilianza kuuza TMS1000 mwaka 1974, ikaingia kwenye vikokotoo na vitu vya kuchezea watoto. Tofauti ni kwamba programu yake ilichongwa kiwandani, ukishainunua huibadilishi. Za leo unaziandika, unazifuta na kuziandika upya ukiwa nyumbani kwako.

Watu wengi hushtuka wakisikia udogo wake. ATtiny85 ina kilobaiti 8 za kutunzia programu na baiti 512 tu za kumbukumbu ya kazi. Ndugu yake ATtiny13 ana kilobaiti 1 na baiti 64. Aya hii unayoisoma, ukiihesabu herufi kwa herufi, kila moja baiti moja, haitoshi kuingia ndani ya hizo baiti 512. Ndiyo maana anayezoea kufikiria kompyuta kwa kipimo cha simu yake anaona kama anadanganywa. Lakini jiulize kazi yenyewe inataka nini. Taa inataka kujua iwake au izime. Pampu ya simtanki inataka kujua maji yamefika juu au bado. Jibu la swali kama hilo halijazi hata baiti moja. Udogo huo pia unakufunza kuandika programu safi, kwa kuwa hakuna nafasi ya kuficha uzembe.

Tanga ni mji wa baiskeli, basi niliianza kazi hapo: taa nyekundu ya nyuma. Kwa 555 kasi ya kuwaka na kuzima inatokana na rizista (inayobana umeme) na kapasita (inayoutunza kwa muda mfupi) ulizozichomelea. Ukitaka iende haraka zaidi, washa pasi ya lehemu, toa rizista, tafuta nyingine, jaribu tena. Kwa ATtiny85 nilibadilisha namba ya muda wa kusubiri, 500 ikawa 80, nikaipandisha programu upya, taa ikapiga haraka. Sikugusa waya hata mmoja. Hapo ndipo yule kijana alipoelewa, kuliko nilivyokuwa nimemweleza kwa maneno siku mbili.

Kazi iliyonipendeza zaidi ni ya taa ya uvuvi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na siku hizi taa nyingi zinaendeshwa na betri ya volti 12. Betri ya maji ya asidi ikikamuliwa mpaka chini kabisa inakufa mapema, na betri ni mali. Chipu haiwezi kupokea volti 12, kwa hiyo unaigawa kwanza: rizista ya kilo-ohm 30 na ya 10 zinaiacha robo tu, volti 3. Umeme wa chipu wenyewe unapitia 7805, kidhibiti cha volti, ili ubaki volti 5. Ndani, chipu inaibadilisha robo ile kuwa namba kati ya 0 na 1023, ambapo 1023 ni volti 5. Betri ya volti 11.5 inasomeka karibu 588. Programu inasema: chini ya 588, punguza taa.

Jaribio la kwanza liliniumiza kichwa. Taa ilipopunguzwa, mzigo ukashuka, na betri ikapanda yenyewe kidogo. Chipu ikaona mambo ni mazuri, ikawasha taa kamili. Betri ikashuka tena. Taa ikawa inacheza kama moto wa kibatari penye upepo. Dawa yake ni kuweka mipaka miwili badala ya mmoja: ukishapunguza kwa 588, usirudishe mpaka isomeke 640, yaani volti 12.5. Mstari mmoja wa programu ukamaliza tabu yote. Na nasisitiza kupunguza, si kuzima: mtu aliye baharini usiku asiachwe gizani na kifaa kilichokusudiwa kumsaidia.

Sasa bei, na kwangu hapa ndipo ilipo faida yake kubwa. Bodi kama Arduino Uno, yenye maikrokontrola na vipuri vyake tayari, ni nzuri sana kwa kujifunzia, lakini ukimaliza mradi unaubomoa, maana bodi ni moja na unaitaka kwa mradi mwingine. Chipu ndogo unaiacha humohumo ndani ya taa, ndani ya kengele, ndani ya pampu, inakuwa sehemu ya kifaa daima. Zipo hata za bei ndogo zaidi: CH32V003 ya kampuni ya WCH ya China, yenye mwendo wa megahezi 48 na kilobaiti 16 za programu, inauzwa karibu senti 10 za dola. Zile za kampuni ya Padauk zinafika senti 3, ingawa nyingi kati ya hizo huandikwa mara moja tu, kwa hiyo sizipendekezi kwa anayeanza. Usafirishaji ndio unaozidi bei ya chipu. Agizeni watu kadhaa pamoja.

Anayetaka kuanza achukue ATtiny85 yenye miguu mirefu, inayochomekwa kwenye ubao wa majaribio bila kuchomelewa. Programu anaiandika kwenye kompyuta na kuipandisha kwa kutumia Arduino Uno kama daraja, nyaya sita tu. Aweke kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.1 kati ya mguu wa 8 na wa 4, karibu kabisa na chipu, la sivyo itakuwa inajiwasha upya bila sababu inayoonekana. Mguu mmoja usibebeshwe zaidi ya miliampia 20. Mota na taa kubwa ziende kwa transista, yaani swichi ya kubeba mzigo mkubwa. Na mguu wa 1, ule wa kuanzisha upya, auache kama ulivyo. Kuna mpangilio unaougeuza kuwa mguu wa kawaida, na ukiukubali, zile nyaya sita haziingii tena ndani ya chipu. Itabidi utafute kifaa maalumu cha kuupa mguu huo volti 12 ili kuifungua. Chipu yangu ya kwanza ilifungika hivyo. Nimeigundisha kwenye kifuniko cha boksi la vifaa, ikiangalia mlangoni, ili kila anayekuja aanze na swali lake.