Chombo cha tanga, na namna baharia anavyobisha

Chombo cha tanga ni chombo cha majini kinachosukumwa na upepo. Upepo hunaswa na kitambaa kilichotundikwa mlingotini, na kitambaa hicho ndicho tanga. Maana imekwisha hapo. Lakini simama ufukweni Lamu au Pangani, uulize kile kinachopita ni nini: hakuna atakayekujibu "chombo cha tanga". Utaambiwa ni mashua, jahazi, dau au ngalawa. Wazungu huvikusanya vyote katika neno moja, dhow, na siku hizi hata sisi tunaanza kuandika hivyo. Inaniuma, kwa sababu kila jina letu lina umbo lake.

Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, likawekewa mbao mbili za pembeni, moja kila upande, ili lisipinduke. Mashua haichongwi, huundwa: fundi hulaza mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, akapanga mbao na mataruma, ndizo mbavu zake, kisha akaziba mianya kwa pamba iliyolowa mafuta, kazi iitwayo kalafati. Jahazi nalo huundwa vivyo hivyo, ila ni kubwa, la kubebea shehena; majahazi ndiyo yaliyopeleka boriti za mikoko ya Lamu hadi Ghuba ya Uajemi. Na ulikuwepo mtepe, uliofungwa kwa kamba za kumbi la nazi bila msumari hata mmoja, tanga lake mkeka. Huo haukuvuka mbali karne ya 20.

Tanga la kwetu ni la pembetatu. Hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia mshazari mlingotini. Kulipandisha ni kutweka, kulishusha ni kutua. Kamba inayoshika pembe ya nyuma ni demani. Anayeishika ndiye anayeamua tanga linase upepo kiasi gani.

Upepo ukitoka tezi, yaani nyuma, kazi ni nyepesi. Ndiyo maana vyombo vya Oman na Uhindi vilikuja pwani yetu na kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, vikarudi kusi, upepo wa kusini, ikishika. Kazi ni pale upepo unapotoka omo, mbele kabisa. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuuelekea moja kwa moja. Tanga litapigapiga tu na chombo kitasimama. Basi nahodha hukata mshazari kushoto, kisha mshazari kulia, tena na tena, akijisogeza kidogo kidogo kuelekea upepo unakotoka. Mwendo huo huitwa kubisha. Ni neno lilelile la barazani, la mtu asiyekubali anachoambiwa, na kwangu hakuna neno la bahari linalolipita kwa uzuri. Yako mengine tunayoyatamka mchana kutwa bila kukumbuka maji: mambo yanapokwenda mrama, mrama ni kule kuyumba kwa chombo mawimbini, na aliyekwama amepwelewa, kama chombo kilichoachwa mchangani na maji yaliyokupwa.

Kugeuza upande wakati wa kubisha si jambo la mtu mmoja. Mara nyingi nahodha hauvuki upepo kwa omo. Huuzungukia kwa tezi, huku mabaharia wakiivusha foromali mbele ya mlingoti, kutoka ubavu huu kwenda ule. Magunia ya mchanga, ambayo ni farumi ya kukipa chombo uzito, huburutwa upande wa juu. Kwenye mashua za Lamu hutolewa ubao mrefu nje ya ubavu, na watu wakaukalia juu ya maji ili chombo kisilale. Kwa muda mfupi tanga huwa tupu, linapiga kelele, kila mtu anamtazama mshika demani. Akiivuta, kitambaa hujaa kwa mshindo mmoja, na maji yanaanza kusikika tena chini ya mbao.