Chai ya alasiri Uingereza: porojo zinazowafanya watu waogope kuingia

Kuna watu wamefika Uingereza, hela ya mgahawa wa chai wanayo, hamu wanayo, ila wakifika mlangoni wanachungulia tu vikombe vya maua na vikeki vilivyopangwa ghorofa ghorofa halafu wanapita zao, manake walishaambiwa kule ndani ni kwa watu wa ukoo wa kifalme na ukikosea kushika kikombe umeumbuka. Sijui nani alianza kuwatisha, ila mengi yanayosemwa kuhusu hii chai ni porojo, na porojo kubwa kuliko zote ni kwamba migahawa yenyewe ilianzishwa kwa ajili ya matajiri.

Chai ya alasiri, yaani chai ya saa kumi na sandwichi ndogo, skoni (vimkate vidogo laini vya kuoka) na vikeki, ilianzia majumbani kwa wakubwa, hilo sawa. Mgahawa wa chai wa mtaani ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1864 kampuni ya mikate iliyoitwa Aerated Bread Company ilifungua chumba cha chai London, ikaona biashara inalipa ikaongeza matawi kibao, halafu kampuni ya Lyons nao wakafungua cha kwanza pale Piccadilly mwaka 1894. Wateja wao walikuwa makarani, wauza maduka, watu waliotoka kununua vitu mjini, na hasa wanawake, kwa sababu enzi zile mwanamke akiingia baa peke yake alionekana hana heshima zake, lakini kwenye chumba cha chai anakaa na shoga yake wanaongea hadi wachoke na hakuna wa kuwauliza mmekuja na nani. Hata wanawake waliokuwa wanadai haki ya kupiga kura walikuwa wanakutana kwenye vyumba vya chai kupanga mambo yao. Kwahiyo ukiingia leo na jinzi yako na wasiwasi wako, jua wewe ndio mteja waliyemfikiria tangu mwanzo.

Halafu wapo wanaosema haya mambo ya themu, sijui ukuta wa maua, sijui viti vya ajabu, yameletwa na Instagram juzi juzi. Hapana jamani. Nendeni Glasgow. Kule Scotland mama mmoja mfanyabiashara, Kate Cranston, alikuwa na vyumba vyake vya chai tangu 1878, na mwaka 1903 akafungua kingine kiitwacho Willow kwenye barabara ya Sauchiehall, kazi yote ya ubunifu akampa msanifu majengo Charles Rennie Mackintosh, yaani jengo, samani, taa, mpaka vijiko. Ghorofa ya juu kulikuwa na chumba kinaitwa Room de Luxe, rangi ni zambarau na fedha, vioo vimezunguka ukutani, mlango wa vioo vya rangi, na viti vyenye migongo mirefu hivi kwamba ukikaa unajiona umo kwenye kiti cha enzi hata kama umeagiza kikombe kimoja tu. Watu walienda kuona chumba kama walivyoenda kunywa chai. Sasa hiyo kama sio themu ni nini? Jengo lipo bado, lilikarabatiwa likafunguliwa tena 2018, na unaweza kukaa humo ukanywa chai.

Za siku hizi ni muendelezo tu wa akili ile ile ya biashara. Kuna mabasi mekundu ya ghorofa yanayozungusha watu London huku wanakula keki, kuna za Alice, yule msichana wa hadithi ya Alice in Wonderland, na karamu yake ya wendawazimu, na kuna mgahawa wa Sketch pale mtaa wa Mayfair, ukumbi wao ulipakwa pinki mwaka 2014 mpaka ukawa moja ya kumbi zilizopigwa picha sana mjini, ikafika 2022 wakaugeuza njano, na vyoo vyao kila kimoja kimekaa kama yai kubwa jeupe, watu wanapiga foleni kujipiga picha chooni, nyie acheni tu. Ila hapa niwe mkweli, kuna sehemu zimeweka nguvu zote kwenye mapambo halafu chai ni ya mfuko uliosahaulika kabatini. Mimi ushauri wangu uangalie menyu yao kabla hujalipa, kama chai zimeandikwa kwa majina, Assam, Darjeeling, Ceylon na kadhalika, na zinakuja za majani kwenye buli, hapo kuna matumaini. Kama kilichoandikwa ni "chai au kahawa" basi jua unanunua picha.

Sasa lile kosa maarufu kuliko yote, la kusema "high tea" ukidhani ndio chai ya kifahari. Ni kinyume chake! High tea ilikuwa mlo wa jioni wa wafanyakazi, mtu katoka kiwandani au mgodini kama saa kumi na mbili hivi ana njaa, anakuta mezani nyama, viazi, mkate na chai nzito. Hakuna vikeki hapo. Cha kifahari ndio hiki cha saa kumi, chenye vitafunwa vidogo vidogo, na kilinyweka kwenye meza fupi za sebuleni. Hoteli nyingi nje ya Uingereza zinaandika high tea kwasababu linasikika la kitajiri, basi na watu wanabeba hivyo hivyo.

Na yule Duchess (mama wa cheo cha juu) wa Bedford, Anna, anayesemekana kuigundua chai ya alasiri miaka ya 1840 kwasababu njaa ilikuwa inamuuma akisubiri chakula cha saa mbili usiku? Njaa huenda alikuwa nayo kweli, na kualika marafiki alialika, ila watu walikuwa wanakunywa chai mchana kabla hajazaliwa. Tuseme aliieneza, akaipa muda wake na heshima yake. Chai yenyewe ilishapata umaarufu ikulu tangu Catherine wa Braganza aje kutoka Ureno kuolewa na mfalme Charles II mwaka 1662.

Kidole kidogo kunyoosha juu: hapana. Hicho ni cha maigizo. Shika mkono wa kikombe kwa kubana na vidole, usipitishe kidole ndani ya tundu, basi umemaliza.

Maziwa kwanza au chai kwanza, hapo Waingereza wenyewe hawajapatana mpaka kesho. Mwandishi George Orwell aliandika makala nzima ya kutengeneza chai mwaka 1946 na humo akatetea chai kwanza, na sababu yake ina mantiki, ukitia maziwa mwishoni unapima kiasi unachotaka. Mhudumu hatakushangaa ukifanya vyovyote. Cha kuangalia ni limau tu, usichanganye na maziwa kwenye kikombe kimoja, yatakatika na utakuwa unakunywa mabonge.

Wengine wanaona "cream tea" kwenye menyu wanajua ni chai iliyotiwa krimu, au wanadhani ndio ile ile chai ya alasiri kamili. Sio. Ni chai na skoni, jemu na krimu nzito, hakuna sandwichi, hakuna vikeki, na bei yake ndio rahisi, kwahiyo kama mfuko umebana anza na hii. Hiyo krimu inapikwa taratibu mpaka inaganda juu, ya Cornwall, mkoa wa kusini magharibi, lazima iwe na mafuta asilimia 55 kwenda juu, kwahiyo haimiminiki, unaichota na kijiko inakaa kama kibonge. Skoni ikija ya moto unaipasua katikati iwe vipande viwili, kila kipande unakipaka chake. Usizifunge tena kama sandwichi. Jirani zao wa Devon wanaanza krimu jemu juu, Cornwall wanaanza jemu krimu juu, na kila upande unaona mwenzake kakosea maisha. Paka unavyotaka.

Kile kistendi cha ghorofa tatu kawaida unaanzia chini kwenye sandwichi, unapanda skoni, unamalizia vitamu juu. Mavazi nayo sio kikwazo, sehemu nyingi ni nadhifu tu inatosha, isipokuwa hoteli chache kama Ritz ambako mwanaume anatakiwa koti na tai, na hilo wanalisema mapema. Cha muhimu zaidi ya nguo ni kubuku, na kama huli kitu fulani au una aleji useme siku unayobuku, sio siku ya kufika. Shampeni ni nyongeza ya kuongeza bili, mila haikudai, ikatae kwa amani.

Na kuomba ufungiwe kilichobaki sio aibu wala ushamba, sehemu nyingi wana viboksi kabisa kwa kazi hiyo, kwahiyo vikeki vikikushinda ita mhudumu. Sandwichi za mayai na samaki ndio mara nyingi watakukatalia, zinaharibika haraka, kwahiyo hizo zimalize hapo hapo.