Picha ya gazeti la zamani haikatwi

Watu huniletea bahasha zimejaa picha zilizokatwa magazetini: kiongozi anahutubia, timu ya mpira, watoto wa skuli wamepangwa mistari. Zimekatwa kwa mapenzi, na nashukuru kuwa hazikutupwa. Lakini mkasi umechukua sura za watu ukaacha jina la gazeti, tarehe na maelezo ya chini. Kwa sisi tunaohifadhi nyaraka, bila ya hivyo picha imebaki bubu.

Jina la gazeti lina uzito hasa hapa kwetu. Zanzibar ilikuwa na gazeti la serikali tangu 1892, na kuelekea uhuru wa Disemba 1963 magazeti ya Mwongozi na Afrika Kwetu yalisimama pande mbili za siasa. Ukijua picha imetoka wapi, unajua na mhariri alitaka wasomaji waone nini.

Ikishakatwa, igeuze. Nyuma ya picha moja ya maandamano nilikuta nusu ya tangazo la filamu katika sinema ya Majestic, na juu yake mstari wa habari ya meli. Vipande viwili hivyo vilitosha kuanza kuupekua mwaka mmoja baada ya mwengine katika majalada, mpaka ukurasa wenyewe ukapatikana. Majengo nayo husaidia. Picha ya Forodhani yenye mnara uliosimama peke yake mbele ya Beit al Ajaib, jumba la masultani, ni ya kabla ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, iliyouharibu mnara huo. Mnara wa saa ulioungana na jengo ulikuja baadaye. Na tangu sehemu ya jengo hilo ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, kila picha yake ya zamani ina kazi mpya, kwa sababu fundi anayerejesha roshani anahitaji kuona ilivyokuwa.

Karatasi ya gazeti ni dhaifu kwa asili yake. Hutengenezwa kwa mti uliosagwa tu, na lignini, ile gundi ya asili ya mti, hubaki ndani. Ikipata mwanga na hewa hugeuka rangi, asidi huongezeka, na karatasi hukatika mkononi. Unyevu wetu wa masika huleta ukungu juu yake. Kwa hiyo ukurasa mzima ulazwe bapa kwenye boksi, mahali pakavu penye kiza. Usiubandike selotepu, na tafadhali usiugandishe ndani ya plastiki ya moto kama kitambulisho, maana hautoki tena.

Unapouskani, uskani wote, pambizo kwa pambizo, nukta 600 kwa inchi, na nakala mama iwe TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, isiyoguswa. Picha ya gazeti imejengwa kwa nukta za wino. Ukiikuza sana utaona nukta tu, wala hakuna mashine itakayotoa kisichokuwemo. Hapa nazungumza kwa uchungu: programu za simu zinazosafisha sura za zamani hubuni macho na midomo. Familia inapewa babu ambaye si babu yao. Mwenye kutaka sura iliyo wazi zaidi atafute picha asili au negativu yake, kwa wapigapicha na familia zao. Studio kama Capital Art, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 hapa Mji Mkongwe, ilipiga watu wa kila tabaka.

Lililobaki liko kwa wazee. Maelezo ya gazeti humtaja mkubwa, waliobaki wote wanaitwa “wananchi”. Nilipompelekea bibi mmoja wa Kikwajuni nakala iliyokuzwa, alimpita kiongozi aliyekuwa katikati, akaweka kidole kwenye bomba la maji pembeni. “Hapa ndipo tulipokuwa tukiteka, mwanangu. Na huyu mwenye ndoo mtoto wa jirani yetu, mama yake akiuza maandazi.” Gazeti halikuandika hata moja katika hayo.

Maneno kama hayo yaandike siku ile ile, kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni na si juu ya picha: nani kasema, lini, na amejuaje. Mzee mmoja akisema ni mtaa wa Miembeni na mwengine akashikilia ni Kisiwandui, andika kauli zote mbili, kila moja na mwenyewe.