Je, wajua kwa nini jicho lisiloona mbali hupata madoa kwa ndani?

Kuna malalamiko ambayo muuza miwani hawezi kuyamaliza, ingawa mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuyasikia. Mtu aliyevaa miwani ya mainasi, ile ya wasioona mbali, tangu sekondari anaingia dukani, tuseme mitaa ya Makoroboi hapo katikati ya Mwanza, anasema miwani imeisha nguvu. Anapimwa, anabadilishiwa lenzi, wapi! Ukimhoji taratibu unagundua ana shida nyingine kabisa. Akisoma, herufi moja katikati ya neno haipo. Nondo za dirisha zimepinda sehemu moja. Kuna vimulimuli vinamwekamweka hata akifumba macho. Na jicho lenyewe ni jeupe, haliumi, halitoi tongotongo. Huku kwetu jicho linaloumwa linajulikana kwa wekundu wake, kwa hiyo nyumbani wanamwambia apunguze simu.

Kipo kipimo kidogo ambacho mpimaji hukitumia papo hapo: kadi yenye tundu dogo, unaiweka mbele ya jicho na kuchungulia ubao wa herufi. Ukiona vizuri zaidi kupitia tundu, shida yako ni ya lenzi na miwani itaisaidia. Usipopata nafuu yoyote, basi kuna jambo jingine, na mara nyingi liko nyuma ya jicho, mahali ambapo lenzi mpya haifiki.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa takribani milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Asiyeona mbali kwa kawaida ana jicho refu kuliko hapo, taswira inaangukia kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ndiyo maana akisimama kivukoni Kamanga bila miwani, Jiwe la Bismarck pale ziwani analiona limefifia kingo. Ukifika mainasi 6 na kuendelea, madaktari wanaanza kukuangalia kwa jicho jingine, kwa sababu hapo urefu mara nyingi umefika milimita 26 au umezidi. Milimita 2 zinaonekana si kitu mpaka ujue ni nini kinachovutwa ili zipatikane.

Nyuma ya retina kuna koroidi, tabaka la mishipa ya damu linalolisha seli za kuonea. Kwa kawaida unene wake ni kama robo ya milimita. Jicho linaporefuka, koroidi inafanywa kama donge la chapati: ukilisukuma lienee, unga hauongezeki, linakuwa jembamba tu. Katika macho yaliyorefuka sana hubaki chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kati ya koroidi na retina kuna utando mwembamba unaozitenganisha, nao ukivutwa mno hupata nyufa.

Sasa ndipo kinga ya mwili inapoingia. Mwaka 1984, huko Marekani, vikundi vitatu vya madaktari vilieleza magonjwa matatu yanayofanana, yote yakiacha madoa meupe au ya manjano nyuma ya jicho. Kikundi kimojawapo, cha Watzke na wenzake, kiliandika kuhusu wagonjwa 10, wote wanawake, wote wenye macho ya mainasi. Madoa yao yalikuwa madogo kama nukta, yamekaa katika koroidi ya ndani. Hakukuwa na kidudu wala jeraha lililoonekana kuyaleta. Ulikuwa uvimbe, si ule wa saratani, bali ule unaotokea askari wa mwili wanapovamia sehemu na kuiletea joto na maji.

Kwa nini wavamie jicho refu? Maelezo mengi yanaelekea upande mmoja: utando ukichanika, vitu vya ndani ya retina ambavyo kinga ya mwili haijawahi kukutana navyo vinafichuka, nayo inavichukua kuwa wageni. Hiyo bado ni dhana. Ila inaeleza kwa nini ugonjwa unapenda macho yaliyovutwa, na ukiongeza kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia huwapata zaidi wanawake, picha inaanza kukaa sawa. Wengi wenye mainasi hawatayaona madoa haya maisha yao yote. Ni ugonjwa wa nadra. Na wala msiutupie jua la ziwani. Jua hilo lina kesi yake, kile kinyama kinachoota kutoka kwenye weupe wa jicho, ambacho wavuvi wanakijua vizuri.

Moja kati ya yale magonjwa matatu lina ustaarabu: linashika jicho moja, mara nyingi baada ya mafua, kisha linaondoka lenyewe ndani ya wiki kadhaa. Mengine mawili hayana adabu hiyo. Madoa yakipoa yanaacha makovu, na pembeni ya kovu mishipa mipya ya damu inaweza kuchipua kupitia nyufa. Mishipa hiyo ni dhaifu, inavuja maji na damu chini ya retina, na ndiyo hasa inayopinda nondo za dirisha. Ikichipua katikati, pale tunaposomea, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kusoma ndani ya muda mfupi. Inazuiwa kwa sindano ndani ya jicho (inatisha kuisikia kuliko kuchomwa, maana jicho hutiwa ganzi). Mojawapo ya dawa zinazotumika, bevacizumab, ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Jicho linapewa tone tu la kipimo kile.

Mishipa kama hiyo huota pia katika jicho refu lisilo na uvimbe wowote, kwa kuvutwa peke yake. Sindano ni ileile, lakini penye uvimbe itahitajika na dawa ya kuutuliza, kwa kawaida steroidi kama prednisolone.

Hapo ndipo wagonjwa wanaopewa rufaa, kwa mfano kwenda hospitali ya Bugando, wanaposhangaa: nimekuja na jicho, mbona mnanipiga picha ya kifua na kunitoa damu? Kifua kikuu huacha madoa koroidini. Kaswende nayo. Hata toksoplasma, kijidudu kinachotoka kwa paka na kwenye nyama isiyoiva, huacha kovu retinani. Steroidi hupunguza nguvu ya kinga. Ukimpa mwenye kifua kikuu kabla hajaanza dawa zake, umewafungulia vidudu mlango. Kwa hiyo majibu ya kifua na ya damu yanasubiriwa kwanza, halafu ndipo vidonge vinaandikwa.