Je, wajua kwa nini difu ya lori, yaani kisanduku cha gia kilicho katikati ya ekseli ya kuvuta, huanza kuvuja oili baada ya kufungwa gia mpya?

Gia za difu zikishaliwa, krauni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) hubadilishwa pamoja, kwa sababu kiwandani zilisagwa kama jozi na huuzwa kama jozi. Lori linatoka gereji mjini Mtwara, mlio umekwisha, dereva anashukuru. Likifika Mingoyo, mbele ya difu pameshalowa na matone yanadondoka kwenye lami. Mwenye gari anapiga simu: hizo gia mlizonifungia ni feki!

Zinaweza kuwa feki, lakini kuvuja si ushahidi wake. Gia haizuii oili. Vinavyoizuia ni sili ya pinioni (sili ni pete yenye mdomo wa mpira unaobana shafti), uso ambapo difu inakutana na nyumba ya ekseli, sili za habu (kitovu cha tairi), plagi za kujazia na kumwagia, na bridha. Huwezi kubadilisha gia bila kugusa karibu vyote hivyo, na ndiyo maana difu iliyokuwa kavu miaka mingi huvuja siku ileile ilipofunguliwa.

Anza na bridha kabla hujashika spana kubwa. Ni kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli, chenye kikofia kidogo ambacho kikiwa kizima hugeuka ukikizungusha kwa vidole. Tuseme difu imeondoka asubuhi ikiwa na joto la nyuzi 30, ikapandisha mzigo wa korosho kwenye uwanda wa Makonde hadi ikafika nyuzi 90. Hewa iliyomo ndani, ikikosa pa kutokea, huongezeka presha kwa takriban asilimia 20, yaani kama 0.2 bar. Ni presha ndogo kwa tairi, lakini mdomo wa sili ulitengenezwa kuzuia oili inayorushwa na gia, haukutengenezwa kuzuia presha. Oili itasukumwa ipite hata kwenye sili mpya iliyofungwa vizuri. Tena gia mpya hupata joto zaidi katika safari za mwanzo, kwa kuwa meno bado hayajazoeana, kwa hiyo bridha iliyokuwa imeziba nusu na kuvumilika kwa gia za zamani sasa haivumiliki.

Bridha huziba kwa mchanga mwekundu wa barabara za Tandahimba na Newala, huota kutu kwenye malori yanayobeba chumvi, na mara nyingine huzibwa na fundi mwenyewe: amemaliza kazi, akaipiga difu nzima rangi nyeusi ipendeze, na bridha nayo ikapata rangi yake. Kuipima ni rahisi. Baada ya mwendo, legeza polepole plagi ya kujazia, uso wako ukiwa mbali kwa sababu oili ni ya moto. Ukisikia inapumua "pssss", umeshampata mchawi. Ifungue bridha, iloweke kwenye dizeli, ipulize kwa upepo. Kikofia kikigoma kucheza nunua nyingine. Kwa lori linalovuka maji wakati wa masika, fungia mpira unaopanda hadi juu kwenye chesisi. Difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia bridha au sili, na oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Oili ya hivyo haifai kuongezewa nyingine juu yake. Imwage yote.

Kama bridha ni nzima, tafuta oili inatokea wapi hasa. Usiamini mahali inapodondokea, kwa sababu upepo wa mwendo huibeba nyuma na mchanga huisambaza. Osha difu kwa dizeli, kisha kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, halafu ipake poda ya mtoto au unga wa chaki. Endesha kilomita kumi hivi, simama, ingia chini na tochi. Alama nyevu kwenye poda itakuonyesha. Ikianzia nyuma ya flenji ya propela (sahani inayounga pinioni na shafti itokayo giaboksi), ni upande wa pinioni. Ikiwa imechora mstari kwenye duara la bolti za difu, ni uso wa difu. Ikitokea ndani ya rimu, ni habu. Kwenye lori lenye ekseli mbili za kuvuta, kumbuka kwamba difu ya mbele ina sili ya kuingilia na ya kutokea pia, ile ya shafti inayokwenda difu ya nyuma. Watu hubadilisha ya mbele mara mbili huku inayovuja ni ya nyuma.

Upande wa pinioni ndio unaosumbua kuliko yote. Zuia matairi kwa magogo, chora alama kwenye propela na flenji ili zirudi zilivyokuwa, ondoa propela, kisha shika flenji na uitikise juu na chini. Ikicheza, usinunue sili bado. Beringi za pinioni zimefungwa zikiwa legevu, shafti inayumba, na mdomo wa sili hauwezi kuifuata. Hapo shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) zipangwe upya mpaka beringi zibanwe kwa kipimo. Hata sili kumi zitavuja kwenye pinioni inayocheza.

Isipocheza, fungua nati na uivute flenji kwa pula, kifaa cha kuvutia. Kuipiga nyundo kunaumiza beringi ulizotoka kuzilipia. Ukishaitoa, futa sehemu ambayo mdomo wa sili hukimbilia na upitishe ukucha. Flenji ya zamani huwa na mfereji uliochimbwa na sili iliyotangulia, na yale malori ya chumvi huwa na vishimo vya kutu. Ukucha ukikwama, sili mpya itavuja. Dawa yake ni flenji nyingine, au kuivalisha jaketi jembamba la chuma ambalo unene wake haufiki theluthi moja ya milimita, hivyo saizi ya sili haibadiliki. Likikosekana, ikiwa nafasi inaruhusu, sili ikae milimita mbili au tatu kando ya mfereji, mradi isiguse beringi. Mikwaruzo midogo isuguliwe kwa msasa laini kwa kuzungusha. Ukisugua kwa urefu, kutoka ndani kwenda nje, unaichorea oili njia ya kutokea.

Dukani nenda na namba tatu zilizo kwenye sili ya zamani: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, zote kwa milimita. Zikifutika, pima. Angalia pia mshale, kwa kuwa sili nyingine zina mistari mdomoni inayorudisha oili ndani kwa mzunguko wa upande mmoja tu. Ukifunga ya upande wa pili itakuwa inatoa. Mdomo wa mpira pakaa oili kabla ya kufunga, isipokuwa maandishi ya pakiti yanasema ufungwe mkavu. Igonge kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana na ukingo wa nje, iingie sawasawa. Ukiigonga upande mmoja kwanza, ile springi nyembamba inayozunguka mdomo hurukia ndani bila wewe kuiona.

Mambo mawili ya upande huu husahaulika. Oili huweza kupita katikati ya meno ya splaini (meno yanayoshikanisha flenji na shafti) na kutokea chini ya nati, sili ikiwa haina kosa; paka silikoni kidogo kwenye splaini na chini ya washa. La pili, nyumba ya pinioni ina tundu la kurudisha oili ndani ya difu, na shimu zake zina nafasi inayolingana na tundu hilo. Shimu zikigeuzwa, tundu linazibwa, oili inajikusanya nyuma ya sili na kuizidi nguvu. Ukishabadilisha sili na flenji na bado inavuja, fungua uangalie hapo.

Nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Kukaza kwa bomba refu na utingo akining'inia juu yake hakujulishi umefika wapi.

Uso wa difu una hadithi fupi zaidi. Silikoni ya zamani ibanduliwe yote kwa kikwangua butu, kwa sababu patasi huacha mikato, na mikato huvuja. Futa nyuso zote mbili kwa thina mpaka kitambaa kitoke safi. Silikoni haishiki penye oili. Weka mstari mmoja usiokatika, upana wa milimita tatu hivi, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti na kuyazunguka. Nyingi haina faida, maana inayobaki hujikunja ndani na vipande vyake huzunguka na oili. Pandisha difu ndani ya dakika kumi, kaza bolti kwa kukatisha (moja, kisha inayotazamana nayo), na zile ambazo tundu lake limetoboka hadi kwenye oili zipake gundi ya nyuzi. Kisha subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu ndipo ujaze. Kuibandika silikoni kwa nje, juu ya oili inayovuja, ni kupoteza tyubu.

Kwenye habu usisubiri kesho. Oili ikifika kwenye laina za breki, tairi hilo halishiki, na kuteremka kutoka Newala na breki ya upande mmoja ni hatari. Laina zilizolowa zibadilishwe, kuzichoma moto hakuzirudishi. Badilisha sili ya habu, na safisha uso wa hafu-shafti (shafti inayotoka difu kwenda tairi) inapobana kwenye habu. Washa ya shaba ya plagi ya kumwagia, ukiwa huna mpya, ichome hadi iwe nyekundu na uizamishe kwenye maji. Hulainika na kuziba tena.

Kujaza nako huleta kuvuja kwa bandia. Lori likiwa limeinuliwa upande mmoja, oili hukimbilia kwenye bomba la ekseli, fundi anaongeza, na gari likishushwa inakuwa imezidi. Jaza gari likiwa tambarare, oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, endesha kidogo, iache itulie, pima tena kwa kidole. Iwe ya daraja la GL-5, namba ya uzito 80W-90 au 85W-140 kadiri kitabu kinavyotaka. Kuweka nzito zaidi ili isivuje hupunguza tone tu, haizibi. Na tone lisidharauliwe: moja kila sekunde ni kama mililita 150 kwa saa, na kwa safari ya saa 12 kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam umepoteza karibu lita mbili.

Baada ya kilomita 100 hivi kagua bolti za hafu-shafti, maana hulegea zikishapata joto la kwanza, na pima oili. Oili ya kwanza baada ya gia mpya humwagwa mapema kuliko kawaida. Ukiimwaga, angalia sumaku ya plagi: unga laini wa kijivu ni wa meno yanayozoeana, lakini ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, usijaze oili mpya kabla hujaifungua difu.