Udaktari pamoja na uzamili wa afya ya umma: makubaliano kwanza, darasa baadaye

Malalamiko ya msimu huu yanafanana. Mwanafunzi wa udaktari hapa Marekani ameomba likizo ya masomo, akajiandikisha mwenyewe uzamili wa afya ya umma chuo kingine, akamaliza, na sasa anataka krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, zihesabiwe pande zote mbili. Haiwezekani. Masomo ya kuhesabiwa mara mbili hukubaliwa na vitivo vyote viwili kabla hujaingia darasani, si matokeo yakishatoka.

CEPH, baraza linalotoa ithibati ya elimu ya afya ya umma, linataka uzamili huu uwe na krediti zisizopungua 42. Udaktari ni miaka 4. Ukiunganisha, kwa kawaida ni 5, na mwaka wa nyongeza mara nyingi huwekwa baada ya ule wa 3. Vipo vyuo vinavyobana vyote ndani ya miaka 4, lakini huko mapumziko ya kiangazi yasahau.

Ukihamia chuo kingine kwa mwaka huo, hakikisha umesajiliwa kwa angalau nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo, na kwamba chuo kimeripoti usajili wako. La sivyo, kwa mkopo wa serikali kuu unahesabika umeacha masomo: miezi 6 ya kusubiri inaanza kuhesabiwa, ikiisha unadaiwa marejesho. Barua ya mkuu wa kitivo haizuii hilo.

Na shahada hii ya afya ya umma si leseni wala ubingwa. Mafunzo ya ubingwa wa tiba kinga yenyewe hudai shahada hii au inayolingana nayo, na wengi huisoma humo humo. Anayeitafuta ili tu wasifu upendeze, mwaka mzima wa ada ni ghali mno kwa mstari mmoja.

Faida yake huonekana wodini. Mtoto wa pumu amerudi tena. Unampa dawa ya kuvuta, unamwelekeza mama. Epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, inakutuma kwenye rejista, utazame anwani za wote waliorudi, uone kama ni nyumba zile zile zenye ukungu ukutani. Takwimu nazo zinakuzuia kulaumu ukungu kabla hujajua ni watoto wangapi wa nyumba hizo hawakuugua. Aliyekwisha kukaa wodini huyashika haya upesi.

Maombi hupelekwa vitivo vyote viwili. Kukubaliwa na kimoja hakukuingizi kingine. Ukijitoa katikati, krediti za pamoja zinaweza kuondolewa, ukalazimika kuzifidia kwa masomo mengine ya udaktari kabla ya kuhitimu. Uliza hilo kwa maandishi kabla ya kutia saini.