Je, wajua kwa nini kitambaa kinashonwa kwenye karatasi halafu karatasi yenyewe inachanwa?

Ukiona kwilti, lile blanketi la vipande vya vitambaa wanalolipenda sana Wamarekani, ina nyota yenye ncha kali kabisa, utadhani aliyeshona ana miaka 30 kwenye cherehani. Kumbe inawezekana kaanza juzi tu. Siri ni karatasi.

Shida ya ncha inaanzia kwenye kitambaa chenyewe. Kitambaa kina nyuzi za wima na za mlalo, ukikivuta kufuata nyuzi hakiendi popote ila ukikivuta mshazari kinarefuka mkononi mwako unakiona, na sasa nyota ni pembetatu tupu, na pembetatu yoyote ile lazima iwe na upande angalau mmoja uliokatwa mshazari. Kwa hiyo hata ukate vizuri namna gani, ukifika kwenye cherehani kinajivuta, ncha inaliwa na mshono, na ukikosea milimita 1 kwa kila mshono, mishono 8 tu ishakupeleka karibu sentimita nzima nje ya mstari. Hapo ndo wengi wanakata tamaa wanasema mi sina mkono wa hii kazi.

Karatasi haijivuti. Mchoro unaprintiwa juu yake, kila sehemu ina namba, na wewe unashona kitambaa pamoja na karatasi ukifuata mstari uliochorwa. Yaani usahihi wote uko kwenye mchoro, mkono wako hauna haja ya kukata kitu kwa vipimo, unakata kipande kikubwa kikubwa tu halafu ziada unaipunguza baadaye. Kama unaweza kushona mstari ulionyooka, unaweza kutoa nyota.

Panapochanganya ni hapa. Kitambaa kinakaa nyuma ya karatasi, upande usio na mchoro, kwa sababu mistari lazima uione wakati unashona. Kipande namba 1 kinalala mgongo wake ukiwa kwenye karatasi na uso ukikutazama wewe, namba 2 unakiweka juu yake uso kwa uso, kikipita mstari kama robo inchi hivi (milimita 6), unageuza karatasi, unashona kwenye mstari ulio kati ya 1 na 2, halafu unakunjua namba 2 na kuipiga pasi. Kisha unakunja karatasi kwenye mstari unaofuata, unapunguza ziada ubaki na robo inchi, unaweka namba 3. Ni hivyo hivyo mpaka mwisho. Na kwa kuwa unafanya kazi kwa nyuma, picha inatoka imegeuka kama kwenye kioo, nyota haina neno ila ukishona herufi R bila kugeuza mchoro kwanza utacheka mwenyewe.

Kosa la kila anayeanza ni kukunjua kipande na kukuta hakijafunika sehemu yake. Dawa yake rahisi sana: kabla ya kushona, bana kwa pini kwenye mstari, kunjua, inua juu dirishani uangalie mwanga. Ukiona kivuli cha kitambaa kimevuka mistari yote, shona. Ndiyo, njia hii inakula kitambaa, hilo halifichiki, ila vile vipande vya kitenge vinavyobaki kwa fundi vinafaa kabisa, ilimradi ni pamba, maana pasi inapita mara nyingi mno na polista itakunjamana. Pasi yenyewe iwe kavu, mvuke unaikunja karatasi.

Na kuchana je? Mshono wa kawaida kila hatua ya sindano ina urefu wa kama milimita 2.5, hapa unashusha hadi 1.5 na unaweka sindano nene namba 90, matundu yanakaa karibu karibu kama kwenye ukingo wa stempu, kwa hiyo karatasi inaachia kirahisi bila kuvuta uzi. Karatasi nyembamba ni bora kuliko ile ngumu ya fotokopi. Usiwe na haraka ya kuitoa lakini, subiri vipande vikubwa viunganishwe kwanza kwa sababu kingo za nje nazo zina mshazari, na karatasi ndo inazishikilia.

Wamarekani hawakuanza na printa. Karne ya 19 walishonea juu ya kitambaa cha bei rahisi, na miaka ya 1930, uchumi ulipokuwa umeanguka, wanawake walishonea vipande vyembamba vyembamba vya kitambaa juu ya magazeti na kurasa za katalogi za zamani. Kazi zingine hazikumaliziwa, gazeti bado limo nyuma, na watafiti wanasoma tarehe yake kujua kazi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Waingereza wana njia yao nyingine, kitambaa kinakunjwa kuzunguka kipande cha karatasi na kushonwa kwa mkono, na kuna kazi ya hariri ya mwaka 1718 ambayo karatasi zake zimo mpaka leo.

Kitu kimoja kinachotisha ni kufumua, mshono wa milimita 1.5 unafumuka kwa tabu na karatasi inachanika kabla ya wakati. Ikichanika, bandika selotepu upande wa mchoro, pitisha mshono tena hapo hapo, ila pasi iwe mbali na hiyo selotepu maana inayeyuka.